Hatua za Sayrakan

Sayrakan hakuona haya kwa kuugua. Kijiji cha Kyzyl-Bel kilikuwa cha kondoo wengi na mbwa wengi, na karibu kila nyumba ilikuwa na jamaa aliyewahi kupasuliwa akatolewa mfuko wa maji kwenye ini. Haya ilimpata kwa jambo jingine kabisa, nalo ni kuambiwa atembee barabarani bila kazi.

Waliomwambia walikuwa wawili. Mmoja ni Kalima, tabibu wa kijiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye alimpaka mafuta ya baridi tumboni kisha akampitishia kile kidude kinachoonyesha vilivyomo ndani ya mtu. Wa pili, Daktari Ainura, hakuwapo. Yeye alikuwa Bishkek, mwendo wa siku nzima kwa gari, lakini uso wake ulikuwa mezani pa Kalima ndani ya kishikwambi kilichoegemezwa kwenye birika, na picha za ini la Sayrakan zilimfikia huko huko aliko. Akawa anaagiza tu: shusha kidogo, kulia, hapo hapo usitikisike. Sayrakan amelala huku ameshika gauni lisimpande sana, anajiuliza ni adabu gani hii, mtu kutazamwa ini na mgeni ambaye hata chai hajanywa.

Uvimbe ulikuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Daktari hakumficha. Ukiachwa, alisema, siku moja unaweza kupasukia tumboni, na hapo mgonjwa huenda asifike hata Naryn mjini. Watautoa katikati ya Oktoba, wiki nne kutoka siku ile.

"Lakini sitaki uje hivyo ulivyo, mama," akasema. "Nataka uje una nguvu."

Akaeleza polepole, maana mtandao wa milimani haupendi haraka. Madaktari wa kule walikuwa wakifanya utafiti. Waliona kwamba wagonjwa wengi hawaangushwi na kisu, wanaangushwa na udhaifu walioingia nao chumba cha upasuaji. Basi wakawagawa wagonjwa: nusu wangoje siku yao kama ilivyo desturi, nusu waandaliwe wiki nne kama farasi anavyoandaliwa kwa mashindano. Gharama za upasuaji zingebebwa na utafiti kwa wote, na hilo halikuwa jambo dogo katika nyumba ambayo vinginevyo ingelazimika kuuza farasi wawili. Sayrakan alikuwa ameangukia katika nusu ya kuandaliwa.

Mwanawe Taalai alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Akauliza kuandaliwa ni kufanya nini. Kumbe ni kula mayai na nyama kila siku, kuvuta pumzi kwenye kidude cha plastiki chenye vipira vitatu mpaka vipande juu, na kutembea. Zaidi ya yote, kutembea. Kalima akamfunga Sayrakan saa nyeusi mkononi, ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, ikawa inapeleka habari zake Bishkek yenyewe kupitia simu ya Taalai iliyokaa nyumbani dirishani pamoja na kadude kengine ka kuvutia mtandao.

Kisha wakatoka nje kumpima. Kalima aliweka ndoo mbili za maziwa barabarani, mita thelathini kati yake, kipimo cha kamba ya kufungia kondoo. Mgonjwa aende na kurudi kwa dakika sita, waone atafika wapi. Miguu ya Sayrakan ilikuwa imelala miezi miwili, tangu maumivu yaanze, na alipofika safari ya saba akaanza kuona nyota mchana. Mita mia mbili na kumi na nne.

"Siku ya mwisho nataka mia tatu na hamsini," Daktari Ainura akasema kutoka mikononi mwa Kalima. "Usipozifikisha sitakupasua, mama. Nitakusogeza hadi majira ya kuchipua."

Wala hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba uvimbe ule usingeahidi kungoja theluji iyeyuke.

*

Kesho yake Sayrakan akajifunga kitambaa cheupe, akavaa viatu vyake vya ngozi na vya mpira juu yake, akatoka. Alikuwa hajapita hata nyumba nne. Zuura, jirani yake kwa miaka arobaini, alikuwa amekaa langoni anachambua sufu.

"Dada, unakwenda wapi na tumbo hilo?"

"Siendi popote."

"Siendi popote, na unakwenda," Zuura akasema. "Mkamwana wako yuko wapi mpaka wewe unazunguka kama ndama aliyepotea? Au amekutoa nje apate kufagia?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wa Zuura ulikuwa na miguu miepesi kuliko ya Sayrakan. Kabla ya saa ya kukamua ng'ombe, dukani ilikuwa inasemwa kwamba Nurzat, mke wa Taalai, anamfukuza mama mgonjwa nyumbani. Shangazi yake Taalai akapiga simu kutoka Naryn kuuliza ukoo umefikwa na nini. Mama mkwe mgonjwa huwekwa mahali pa heshima, mkabala na mlango, akawekewa magodoro matatu na mito miwili, na chai ikamfuata alipo. Hivyo ndivyo watu wanavyojua kuwa nyumba ina mkamwana.

Nurzat alisikia yote kisimani. Akarudi na ndoo zake, akachochea moto, akakata tambi. Macho tu yalikuwa mekundu, naye akasingizia moshi. Alikuwa ameolewa mle ndani miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo Sayrakan hakuwahi kumsikia akijibu. Wala hakuwahi kumsikia akimtaja kwa jina, kwa kuwa mkamwana hatamki majina ya wakubwa wa mume wake. Hata pale zahanati, Daktari Ainura alipomwuliza jina la mgonjwa, Nurzat aliinamisha kichwa akanyamaza, mpaka daktari akadhani mtandao umekatika.

Sayrakan alimtazama akikata tambi. Halafu akafungua ile saa.

"Mwanangu, njoo. Vaa hii."

Nurzat akafuta mikono kwenye aproni, hakuelewa.

"Maji ya nyumba hii anachota nani? Wewe. Ng'ombe anakamua nani? Mkate, samadi ya kuwasha moto, viazi? Kila kilicho changu cha kufanya umekifanya wewe, na hakuna aliyesema hukukifanya vizuri. Hili nalo ni la kutembea tu. Mimi nizunguke watu wakucheke, na wewe una miguu?"

Taalai alikuwa akinywa chai. Akafikiri, akaona jambo lina maana. Nurzat akanyoosha mkono akafungwa saa, uso umemng'aa kama aliyepewa zawadi, na kwa kweli hivyo ndivyo alivyoona, kwamba mama mkwe amemkinga na maneno ya watu. Hakuna hata mmoja kati ya watatu wale aliyedhani wanadanganya. Walidhani wanafanya kazi vizuri.

Mayai tu Sayrakan aliyala mwenyewe.

*

Nurzat akatembea kwa moyo wake wote. Kazi zake za kila siku zilikuwa nyingi tayari, lakini akaona hazimtoshi mama, akaongeza. Kisimani akawa anapita njia ya mbali. Ng'ombe akawafuata hadi kilimani badala ya kuwaita. Simu ilipomwonyesha Taalai hatua elfu kumi na mbili, kesho yake akataka zifike elfu kumi na nne, na zikafika.

Huko Bishkek wakafurahi. Daktari Ainura akapiga simu siku ya sita, uso wote tabasamu, akasema katika wagonjwa wao wote hakuna aliyepata kufanya haya, hata wale wenye umri wa kuwa watoto wa Sayrakan. Akasema amewahadithia wenzake habari za mama mmoja wa Naryn. Sayrakan, amelala juu ya mito yake, akaitikia kwa heshima kwamba hawajafanya kitu, ni wajibu tu. Habari ikaenea. Shangazi akapiga tena, safari hii kupongeza. Zuura akaja na bakuli la siagi na maneno matamu, akakaa, akatazama magodoro, akatazama mgonjwa, akauliza hizo hatua zenyewe anazitembea saa ngapi mbona yeye yuko langoni kutwa hamwoni.

"Utaonaje," Sayrakan akamjibu, "na macho yako yote yako kwenye nyumba za watu?"

Wakacheka wote wawili, lakini Zuura aliondoka akigeuka nyuma.

Moyoni Sayrakan alijiona ana fahari. Alijivunia mkamwana. Alimtazama akiingia na kutoka na mashavu mekundu kwa upepo, akajiambia nani mwingine kijijini ana mtoto wa kumbebea hata ugonjwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Alipoamka kwenda msalani nyuma ya nyumba, ilimbidi asimame mara mbili kushika ukuta, na juzi alisimama mara moja.

*

Siku ya kumi na tano Kalima akaja nyumbani na kishikwambi na kile kidude cha picha, daktari atazame uvimbe umekaaje. Nurzat alikuwa ametoka. Ndama alikuwa ametorokea upande wa mto. Kalima akampaka Sayrakan mafuta, akapitisha kidude, na Daktari Ainura akawa anatazama ini huku anazungumza. Uvimbe haujakua, akasema, vizuri. Na kwa jinsi mama anavyofanya, huenda wakamwahisha kwa siku nne, maana kuna mgonjwa mmoja amejiondoa.

Halafu akatazama pembeni, kwenye kioo kingine cha kompyuta yake.

"Mama Sayrakan," akasema, "uko wapi?"

"Si unaniona? Nimelala hapa, tumbo wazi."

"Nakuona. Ila hapa kwangu unatembea. Tena unapanda mlima. Moyo wako unapiga mia na thelathini." Akasogea karibu na kamera. "Anayetembea ni nani, mama?"

Kalima akaacha kusogeza kidude. Taalai akatazama dari. Sayrakan peke yake hakubabaika, kwa kuwa alikuwa na jibu zuri.

"Mkamwana wangu," akasema, na akasema kwa kujivuna. "Simwachii kila kitu, lakini hili amelibeba lote. Hajakosa siku hata moja."

Kisha daktari akavua miwani, akajisugua macho, na ilionekana hajui acheke au alie. Aliporudi kusema hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali.

"Mimi pia ni mkamwana, mama. Mama mkwe wangu yuko Talas, na nikifika kwake sikai mpaka amekaa. Najua Nurzat amefanya nini na amefanya kwa nini. Lakini siku ile nitakulaza usingizi, na nitakapotaka kukuamsha, mapafu nitakayoyaomba yaamke si ya Nurzat. Miguu nitakayoisimamisha kesho yake si ya Nurzat. Kisu hiki hakina mkamwana."

Sayrakan akalishusha gauni lake polepole, mafuta na yote.

Daktari akaendelea kusema ya utafiti. Hesabu za siku zile zote zitafutwa, na yeye atalazimika kuwaeleza wenzake, wale wale aliowahadithia. Walikuwa na haki ya kumtoa Sayrakan kabisa, ila angewaomba wamwache amalizie siku zilizobaki. Kumi na tatu. Sharti ni kwamba kila atembeapo, mtu aliye naye arekodi kwa simu aseme jina la mgonjwa, siku na saa, mwanzo na mwisho. Na zile mita mia tatu na hamsini ziko pale pale, hazikupungua hata moja.

*

Nurzat alirudi na ndama amefungwa kamba. Taalai akamweleza. Aliketi karibu na jiko akafungua saa, akaishika kwa mikono miwili kama kikombe kilichovunjika, na machozi yakamdondoka juu yake. Akasema ni yeye aliyemdhuru mama. Angetembea kidogo labda daktari asingewasifu, na bila sifa hizo mama angeambiwa atembee mwenyewe. Taalai akaanza kumsema daktari, kwamba watu wa mjini wamesahau kwao. Sayrakan akamkata.

"Wewe nyamaza. Ulikuwa unakunywa chai." Akanyoosha mkono. "Lete saa, mwanangu. Na viatu vyangu."

Zikabaki shida mbili. Ya kwanza ilikuwa miguu. Ya pili ilikuwa jina. Walisimama nje ya lango, saa mkononi mwa mwenyewe, simu mkononi mwa Nurzat, na Nurzat hakuweza. Alisema, "Anayetembea ni bibi wa watoto wangu." Kalima, kwa simu, akakataa, bibi wa watoto wake wako wawili. Akasema, "Mama wa nyumba hii." Kalima akakataa tena. Jina linatakiwa kama lilivyo kwenye fomu. Taalai angelisema, lakini ilimlazimu kuwa na kondoo tangu asubuhi.

Nurzat akavuka barabara akaenda langoni kwa Zuura. Aliyoyamweleza huko hakuna aliyeyasikia, ila alikaa kitambo, na alipotoka Zuura alikuwa nyuma yake anajifunga kitambaa.

"Kumbe hayo ndiyo mliyokuwa mnayapika humu," Zuura akamwambia Sayrakan. "Na mimi nikasema macho yangu yameharibika." Akaichukua simu, akaiweka karibu na mdomo kama anayetaka kuing'ata. "Sayrakan binti Junush, Jumatano, saa nne asubuhi. Nimemwona kwa macho yangu. Yuko kama jiwe, sijui kama atatembea."

"Hiyo ya mwisho si lazima," Nurzat akanong'ona.

Daktari aliagiza afike darajani, mwisho wa kijiji, lakini siku ya kwanza Sayrakan alikwenda nyumba sita akarudi. Siku ya pili akaanguka mbele ya duka, magoti chini, kitambaa kimemteleza mvi zikawa nje, na wanaume wanne waliokaa pale wakageuza nyuso upande ili wasione, jambo ambalo lilimuuma kuliko kuonwa. Nurzat akamnyanyua. Sayrakan akajifunga kitambaa upya, polepole, akataka kurudi nyumbani.

Nurzat hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametazama chini, na sauti ilimtoka ndogo sana.

"Mama, daktari alisema hadi darajani."

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwambia mama mkwe wake afanye kitu. Sayrakan akamtazama, akatazama wale wanaume, akaenda hadi darajani.

Baada ya hapo mambo yakachukua mwendo. Asubuhi alivuta pumzi kwenye kidude hadi kipira cha pili, na kabla ya wiki kwisha hadi cha tatu, naye akakaa anakitazama kikielea huko juu kama aliyekizaa. Alikula nyama. Zuura, ambaye mwanzo alikuja kutaja jina tu, akaona ni uchovu kurudi langoni kisha kuja tena kutaja mwisho wake, akawa anatembea naye. Wazee wengine wawili wa kike wakajiunga wakisingizia wanakwenda dukani. Taalai naye, kwa agizo la Kalima, akampa mbwa wake dawa ya kuua minyoo inayowapa watu ile mifuko ya maji, ndani ya kipande cha mafuta, na akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wengine wafanye hivyo.

*

Siku ya kupimwa ilikuwa na ubaridi, na theluji ilikwisha kaa kwenye vilele. Ndoo mbili za maziwa zikawekwa mahali pale pale. Hakuna aliyeita watu, na barabara ilijaa. Taalai alikuwa na kishikwambi, amekiinua kifuani, ndani yake Daktari Ainura na nyuma ya daktari wenzake wawili waliovaa makoti meupe, wale aliowahadithia mara mbili. Kalima alishika saa ya kupimia. Nurzat alipewa kazi ya kuhesabu safari, na akaelezwa sheria: asimguse mgonjwa, asitembee naye, amwambie tu dakika zilizobaki.

Sayrakan alianza vizuri. Alitembea kifua mbele, mikono ikipunga, macho kwenye ndoo. Safari tano, sita. Safari ya nane ilipokwisha zilikuwa zimepita dakika nne, na Nurzat akasema, "Bado dakika mbili, mama," na hapo hapo Sayrakan akasimama.

Alisimama kando ya ndoo, mkono ubavuni pale ini linapokaa, kinywa wazi. Taalai akapiga hatua na Kalima akamzuia kwa kiwiko, maana mgonjwa akiguswa imekwisha. Sekunde zikaenda. Zuura akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Uso wa Sayrakan ulikuwa umetulia, na hicho ndicho kilichomtisha Nurzat, maana aliujua utulivu ule. Ni ule wa mtu anayesubiri kuletewa.

Nurzat akaangusha kijiti chake cha kuhesabia.

"Sayrakan!"

Barabara nzima ikageuka. Mwanamke mmoja alisikika akisema astaghafirullahi. Nurzat alikuwa mweupe kama unga, mikono imemkaza ubavuni, lakini hakuinamisha kichwa.

"Sayrakan, tembea!"

Mama mkwe aliinua macho. Miaka kumi na moja hakuwahi kulisikia jina lake kutoka kinywa kile, na sasa lilikuwa limetupwa barabarani mbele ya kijiji kizima, mbele ya Bishkek nzima. Alimtazama mkamwana wake kama anayemwona akiingia mlangoni kwa mara ya kwanza. Kisha midomo ikamcheza, akavuta pumzi, ile ya kipira cha tatu, akang'oa mguu.

Alikwenda safari ya tisa. Ya kumi aliikwenda akinung'unika maneno ambayo hakuna aliyeyapata. Ya kumi na moja ilikwisha Kalima akiinua mkono, na mkono uliposhuka Sayrakan alikuwa katikati ya safari ya kumi na mbili, na Kalima akalaza kamba yake chini, akapima, akapima tena. Ishirini na tatu. Jumla mia tatu hamsini na tatu.

Mmoja wa wale wa makoti meupe akauliza kama kule kumwita jina si kusaidia mgonjwa. Daktari Ainura akapekua karatasi zake, bila haraka. Akasema sheria inakataza kumgusa mgonjwa na inakataza kutembea naye, kuhusu kumwita jina hakuna mahali imesema kitu. Kisha akakohoa akatazama kando.

Nurzat alikuwa amejificha nyuma ya lango, uso kwenye viganja. Sayrakan, bado anahema, akamwendea mwenyewe, akamtoa kwa mkono akamsimamisha mbele ya watu.

"Mmesikia nyote," akasema. "Hivyo ndivyo ninavyoitwa. Atakayemsema huyu kwa hilo aje aniseme mimi, na aje kwa miguu, maana nitamfuata."

*

Akapasuliwa huko Bishkek Jumatatu, saa tatu na nusu. Mfuko wa maji ukatoka mzima.

Jumatano asubuhi alikuwa koridoni, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine nguzo ya chupa ya maji. Nurzat alitembea kando yake, kiganja karibu na kiwiko cha mama lakini hakimgusi. Wauguzi walisema waliopasuliwa siku moja naye bado wanalishwa kwa kijiko.

Kwenye dirisha la mwisho walikutana na msichana wa kama miaka ishirini, kitambaa cha bi harusi bado kipya kichwani, anatembea mbio mbio kutoka mlango hadi mlango, anageuka, anarudi, anahesabu kwa midomo. Mkononi alikuwa na saa nyeusi.

Sayrakan akasimama.

"Mwanangu, saa hiyo ya nani?"

Msichana akainamisha kichwa kwa adabu. "Ya mama mkwe, bibi. Amelala kule ndani, atapasuliwa wiki ijayo. Wamesema zinatakiwa hatua elfu tatu, mimi nimeshamfikishia nne."

Nurzat akaziba mdomo. Sayrakan hakucheka, kucheka kulikuwa bado kunamtonesha mshono. Alinyoosha mkono, akasubiri mpaka msichana akafungua saa akamkabidhi, kisha akairudisha katika kiganja cha msichana na kumfumba vidole juu yake.

"Mpelekee. Mvishe mwenyewe. Akikwambia mgonjwa hatembei, mwambie Sayrakan binti Junush wa Kyzyl-Bel amesimama hapa dirishani na tumbo lenye nyuzi, na anamngoja."

Msichana akaenda. Sayrakan akajinyoosha mgongo, akamgeukia Nurzat.

"Tulifika ngapi?"

"Themanini na sita, mama."

"Haya. Themanini na saba."